Kupima kama dawa mpya ya kansa inaharibu damu, hatua kwa hatua

Una kitu chako kwenye kichupa, labda ekstrakti ya gome la mti, labda kompaundi uliyoisafisha mwenyewe, umeiweka kwenye seli za kansa ikaziua vizuri na sasa supavaiza anauliza, je damu? Wengi hapo wanakimbilia kipimo kimoja tu, kile cha kuona kama chembe nyekundu zinapasuka, wanapata namba ndogo, wanaandika "haina madhara kwa damu" na kitabu kinafungwa. Wenzangu, hiyo sentensi mtu hapewi bure. Dawa inaweza kupita hapo bila shida kabisa halafu ikamaliza uboho wa mgonjwa ndani ya wiki mbili.

Chukua cyclophosphamide, manake sisi hapa Uganda tunaijua vizuri, limfoma (kansa ya chembe nyeupe) ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea 1958 akiwa hospitali ya Mulago imetibiwa kwa dawa hiyo tangu zamani, na taasisi ya kansa pale Mulago yenyewe ilianza 1967 kwa ajili ya limfoma hizo hizo. Sasa weka cyclophosphamide kwenye tyubu na damu, itakaa tu kama maji, haipasui kitu. Kwa nini? Ni kwa sababu hiyo dawa haifanyi kazi mpaka ini liigeuze. Kwa mgonjwa inashusha chembe nyeupe kila daktari anajua, kwenye tyubu yako ni malaika. Kwa hiyo usiulize tu "inaharibu damu?", uliza vitu vitatu: inapasua chembe zilizokomaa? inaua chembe nyeupe? inazuia uboho usitengeneze mpya? Kila swali lina kipimo chake na hakuna kinachojibu kwa niaba ya mwenzake.

Kabla hujachoma mtu sindano

Makaratasi kwanza. Damu ya mtu inahitaji kamati ya maadili ya taasisi yako, halafu usajili UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na anayetoa damu asaini fomu kwa lugha anayoielewa. Panya pia wana kamati yao. Anza mapema tu, sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba kuandika propozo ukiwa tayari umeshachota damu ni kujitafutia kesi.

Damu mbichi ndiyo nzuri, itumie siku hiyo hiyo ama kesho yake ukiiweka friji (siyo friza, ikigandia barafu chembe zote zinapasuka). Damu ya benki iliyokaa wiki kadhaa chembe zake zimeshachoka, zinapasuka zenyewe na lawama inaangukia dawa yako. Kuna wanaoenda kichinjioni asubuhi kuchukua damu ya mbuzi kwa sababu ni rahisi na haina fomu nyingi. Kwa mazoezi sawa, lakini chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo sana, hazifiki hata nusu ya upana wa zile za binadamu zenye maikromita 7 hadi 8, na ni dhaifu mno chumvi ikipungua kidogo. Namba ya mbuzi usiipeleke kwa binadamu.

Tafuta watu watatu hivi tofauti, na damu zao usizichanganye kwenye tyubu moja. Hapa kwetu hii ina uzito kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Utafiti wa Uganda nzima uliochapishwa 2016 ulikuta karibu 13% ya watoto waliopimwa wamebeba sikoseli ya upande mmoja, na chembe za sikoseli hazipasuki sawa na za kawaida. Tena kuna upungufu wa G6PD, kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisiunguzwe na oksijeni kali. Watu wa malaria wanaijua hadithi yake kwa primaquine, dawa inayopasua chembe za watu hao, watu wa kansa wanaijua kwa rasburicase, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, ambayo mwenye upungufu huo hapewi kabisa. Ukipima damu ya mtu mmoja ambaye yuko sawa utasema salama, kumbe jirani yake angepata shida. Waliotoa damu wapime sikoseli na G6PD, gharama si kubwa, uandike kwenye daftari.

Na wewe mwenyewe vaa glavu, koti, chanjo ya hepatitisi B uwe umemaliza dozi zote. Hata damu iliyopimwa ichukulie kama ina kitu.

Kipimo cha kwanza: chembe nyekundu kupasuka

Chota mililita 5 kwenye tyubu ya EDTA ama heparini (zinazuia damu kuganda), na usivute bomba la sindano kwa nguvu, damu ikilazimishwa kupita tundu dogo inapasuka kabla hata ya kufika maabara. Geuza tyubu taratibu, usitikise.

Zungusha kwenye sentrifuji 500 g dakika 10. Na hapa naomba tuelewane, g siyo rpm. Mtu anasoma 500 kwenye makala anaweka 500 kwenye mashine, chembe hazishuki vizuri, anashangaa. Pima nusu kipenyo cha rota yako kwa sentimita, halafu g ni 0.00001118 mara nusu kipenyo mara rpm mara rpm tena. Rota ya sentimita 10 inahitaji kama rpm 2,100 kupata 500 g. Andika hiyo namba kwenye karatasi ubandike kwenye mashine, utawasaidia hata wanaokuja nyuma yako.

Toa plazima ya juu, toa na ule utando mweupe unaokaa katikati, hizo ni chembe nyeupe na pleitileti (zile za kugandisha damu), hazitakiwi hapa. Mashapo mekundu yaliyobaki yaoshe kwa PBS (maji ya chumvi yenye nguvu sawa na ya damu) ya pH 7.4 mara tatu, kila mara zungusha mwaga maji ya juu, mpaka maji hayo yawe meupe kabisa. Yakibaki na upinki baada ya mara ya tatu, damu hiyo imeshaharibika, tafuta nyingine, usijipe moyo.

Sasa chukua mashapo mililita 0.2 weka kwenye PBS mililita 9.8, hiyo ni 2%. Chembe zinazama haraka, kwa hiyo kabla ya kila mara unayopipeti geuza tyubu, la sivyo kishimo cha kwanza kitakuwa na chembe nyingi na cha mwisho kitakuwa na maji matupu.

Dawa yako iandae kwenye PBS ikiwa na nguvu mara mbili ya unayotaka, manake utachanganya nusu kwa nusu: maikrolita 100 za dawa, maikrolita 100 za chembe, kwenye pleti ya vishimo 96 yenye kitako cha mviringo, kila dozi vishimo vitatu. Ekstrakti watu wengi wanaanzia maikrogramu 1 wanapanda hadi 1,000 kwa mililita. Kompaundi safi, pima kiasi unachotegemea kwenye damu ya mgonjwa halafu panda mara kumi, mara mia. Kama unayeyusha kwa DMSO (kimiminika cha kuyeyushia visivyokubali maji), ibaki 0.5% au chini mwishoni, na hesabu hiyo ifanye mapema: ukitaka 1,000 kwenye kishimo na DMSO isizidi 0.5% basi stoki yako lazima iwe miligramu 200 kwa mililita, na ekstrakti nyingi hazikubali kuyeyuka kiasi hicho. Bora ushuke dozi kuliko kupima DMSO ukidhani unapima dawa.

Kontroo ndizo zinazobeba kazi yote, na ndipo watu wanapobana matumizi. Kontroo hasi ni PBS yenye DMSO ile ile uliyotumia. Kontroo chanya ni Triton X-100, aina ya sabuni, weka ya 2% ichanganyike ibaki 1%, hiyo inapasua zote. Wengine wanatumia maji yaliyochujwa kwa sababu ni ya bure, lakini angalia vizuri: ukiweka maji maikrolita 100 juu ya chembe zilizo kwenye PBS maikrolita 100, umepata chumvi nusu, kama 0.45% hivi, na hapo chembe za binadamu hazipasuki zote. Asilimia mia yako inakuwa ya uongo, inakuwa ndogo, na dawa yote inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Kama ni lazima maji, zungusha chembe umwage PBS kwanza, ndipo uweke maji yenyewe.

Halafu kontroo ya tatu ambayo kwa dawa za miti huwezi kuikwepa: dawa peke yake bila chembe, kila dozi. Ekstrakti ya gome ina rangi yake ya kahawia na mashine haijui kama wekundu huo umetoka kwenye hemoglobini ama kwenye mti. Ya nne: chukua chembe zilizopasuliwa tayari, changanya na dawa yako, uone kama usomaji unashuka. Ukishuka, dawa inaikamata hemoglobini inazama nayo chini, tanini (zile za gome zenye ukakasi) zinafanya hivyo sana, na hapo unaweza kuwa na mpasuko mkubwa ambao mashine haiuoni.

Weka inkyubeta 37°C saa moja, funika pleti isikauke. Kama una nafasi fanya na pleti nyingine ya saa 4 na nyingine ya saa 24, kuna dawa zinazochelewa. Kisha zungusha 500 g dakika 5, hamisha maikrolita 100 za maji ya juu kwenye pleti ya kitako bapa, usiguse mashapo, toa mapovu kwa ncha ya sindano (Triton inatoa mapovu sana na povu moja linaharibu usomaji), soma kwenye mashine ya kusoma pleti, mwanga wa nanomita 540.

Hesabu: toa kwanza rangi ya dawa yenyewe. Halafu usomaji wa sampuli toa kontroo hasi, gawanya kwa kontroo chanya toa kontroo hasi, zidisha mara mia. Mfano hasi ni 0.06, chanya 1.26, sampuli 0.18. Inakuwa 0.12 gawanya kwa 1.20, ni 10%. Mizani inayotumika sana inatoka kwenye mwongozo wa kimarekani wa ASTM F756, uliandikwa kwa ajili ya vifaa vinavyogusa damu lakini watu wa dawa wameiazima: chini ya 2% haipasui, 2 hadi 5% inapasua kidogo, zaidi ya 5% inapasua. Kontroo hasi yenyewe ikifika huko juu, rudia siku nyingine, usitoe toe mpaka namba ipendeze.

Kabla hujatupa pleti, tone moja kwenye slaidi, angalia hadubini. Hii inachukua dakika mbili na inaonyesha vitu ambavyo 540 haioni: chembe zilizoota miiba kama tunda la nyonyo, chembe zilizoshikamana mafungu. Na kama damu imegeuka rangi ya chokoleti badala ya nyekundu, hapo dawa inageuza hemoglobini yenyewe iwe ile isiyobeba oksijeni, hata kama hakuna iliyopasuka. Iandike.

Jambo lingine, mti wenye saponini (ule ukitikiswa kwenye maji unatoa povu) utapasua chembe karibu kila mara kwenye PBS, kwa sababu saponini inatoboa ukuta wa chembe. Usikate tamaa hapo hapo, rudia ukiwa umeweka plazima, manake kwenye PBS tupu hakuna protini ya kuishika dawa na mwilini zipo. Ila kama hata na plazima bado inapasua kwenye dozi ile ile inayoua kansa, basi kusema kweli hicho unachokiita dawa ya kansa pengine kinatoboa kila seli inayokutana nayo, kansa ikiwemo.

Kipimo cha pili: chembe nyeupe

Punguza damu nusu kwa nusu na PBS, imwage polepole juu ya Ficoll (kimiminika cha kutenganishia chembe) ya uzito gramu 1.077 kwa mililita ukiwa umeinamisha tyubu, zisichanganyike. Zungusha 400 g dakika 30, joto la kawaida la chumba, na breki ya sentrifuji iwe imezimwa, nasema tena imezimwa, breki ikishika kila kitu kinavurugika. Utaona wingu jeupe katikati. Lichote kwa pipeti, lioshe mara mbili, hesabu kwa tripani bluu (rangi inayoingia chembe zilizokufa tu) kwenye slaidi ya kuhesabia ya Neubauer, zilizo hai ziwe 95% na zaidi ndipo uendelee.

Weka chembe kama 100,000 kwa kishimo kwenye RPMI (maji yenye chakula cha seli) yenye seramu 10%. Fanya seti mbili: moja zimelala hivyo hivyo, nyingine umeziamsha kwa PHA zigawanyike. Limfosaiti iliyolala haigawanyiki, na dawa nyingi za kansa zinakamata seli inayogawanyika, kwa hiyo ukipima zilizolala peke yake utasema dawa haizigusi. Weka doxorubicin, dawa ya kansa inayojulikana, kama kontroo chanya. Acha saa 48 au 72, weka MTT (rangi ya njano ambayo seli hai inaigeuza zambarau) ifike miligramu 0.5 kwa mililita, saa 4, yeyusha fuwele za zambarau kwa DMSO, soma 570. Na hapa pia mti unaweza kukucheza: ekstrakti yenye antioksidanti inaigeuza MTT kuwa zambarau yenyewe, bila chembe hata moja. Kwa hiyo dawa na MTT bila chembe, kila dozi. Au hesabu kwa tripani bluu kwa macho yako, inachosha ila haidanganyiki kwa rangi.

Ukipata dozi inayoua nusu ya chembe nyeupe, igawanye kwa dozi inayoua nusu ya seli za kansa. Ikiwa 1 au karibu yake, dawa yako haichagui. Watu wanaanza kufurahi ikipita 3, wenye msimamo mkali wanataka 10.

Lakini angalia lile wingu lilikuwa na nini ndani. Limfosaiti na monosaiti. Neutrofili hazimo! Zenyewe zilizama chini pamoja na chembe nyekundu. Na neutrofili ndizo mgonjwa wa kemo anaishiwa, ndizo zikishuka mtu anapata homa usiku na kufa na bakteria ya kawaida. Kipimo hiki hakiwezi kukuambia lolote juu yake, na hata ungezitoa ukazipima zenyewe zinaishi muda mfupi mno na zimeshakomaa. Shida yao inaanzia walikozaliwa.

Uboho

Hiki ndicho kipimo chenyewe, na ndicho watu hawafanyi kwa sababu ni ghali. Unachukua seli za uboho, kwa kuanzia zile za mfupa wa paja la panya mdogo, unaziweka kwenye methyl cellulose yenye homoni za kukuza kama GM-CSF, ni ute mzito hivi ili kila seli mama ibaki mahali pake itengeneze koloni yake, unaweka dawa dozi tofauti, inkyubeta ya 37°C yenye CO2 5%. Panya siku 7, binadamu siku 14, halafu unahesabu koloni kwa hadubini. Dozi inayofuta 90% ya koloni ndiyo inayotazamwa zaidi: ukilinganisha ya panya na ya binadamu unaweza kukadiria binadamu atavumilia kiasi gani kuliko panya. Kuna dawa ambazo panya anameza dozi kubwa bila neno na uboho wa mtu unazimika kwa kidogo.

Wiki mbili za inkyubeta maana yake wiki mbili za umeme bila kukatika, na gesi ya CO2 iwe na silinda ya akiba. Kama jengo lenu halina jenereta inayowaka yenyewe, ongea na maabara yenye nayo mfanye kwa ushirikiano, hilo halina aibu.

Na kwa kitu kama cyclophosphamide ongeza S9, yaani vimeng'enya vya ini la panya, ili dawa igeuzwe kama inavyogeuzwa mwilini. Bila hivyo unapima dawa ambayo bado haijaanza kazi.

Ikibidi mnyama mzima

Mwongozo wa OECD 407, ule wa kimataifa wa kupima madhara kwa panya, ni siku 28, angalau dume 5 na jike 5 kwa kila kundi, dozi tatu na kontroo. Sawa, lakini ukichukua damu siku ya 28 peke yake unaweza kukosa tukio lote kama dawa inatolewa mara moja moja. Kwa panya chembe nyeupe zinashuka siku za mwanzo, kama ya 3 hadi ya 7 baada ya dozi, halafu zinapanda. Kwa hiyo chukua katikati pia, na bakiza kundi moja uliache wiki mbili bila dawa uone kama damu inarudi. Dawa inayoshusha na kurudisha, madaktari wanaweza kuishi nayo. Isiyorudisha ndiyo ya kuogopa.

Panya mdogo wa gramu 25 ana damu kama mililita 1.8 yote, na usichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi, ukimchota chota kila siku utampa upungufu wa damu wewe mwenyewe uje uusingizie dawa. Ukihitaji kuchota mara nyingi tumia panya wakubwa.

Mashine ya kuhesabu damu iwe na programu ya wanyama. Chembe nyekundu ya panya ina ujazo wa kama femtolita 50, ya mtu 80 hadi 100, mashine ya hospitali iliyowekwa kwa watu itachanganya chembe nyekundu za panya na pleitileti. Ukikosa, slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa. Wataalamu wa maabara wa hapa wameangalia slaidi za malaria maisha yao yote, mkalishe mmoja mezani akuhesabie chembe nyeupe kwa aina, atakuwa sahihi kuliko mashine iliyosetiwa vibaya.

Himoglobini usiitegemee ikuonye mapema. Chembe nyekundu ya mtu inaishi siku 120, ya panya mdogo kama 40, pleitileti siku 7 hadi 10, neutrofili ni siku chache tu. Uboho ukisimama leo, neutrofili zitakuambia kwanza, himoglobini itakuja mwisho. Unayetaka kujua habari za chembe nyekundu mapema, hesabu retikulosaiti, zile changa.

Wala kushuka kwa chembe nyeupe siyo lazima kuwe mwisho wa dawa. Lile ua la vinka linalopandwa mbele ya nyumba nyingi huku kwetu, Robert Noble na Charles Beer kule Kanada walikuwa wanalipima kama dawa ya kisukari, sukari haikushuka, lakini panya wakawa wanakufa na maambukizi kwa sababu chembe nyeupe zimeisha. Badala ya kulitupa wakajiuliza kitu kinachomaliza chembe nyeupe kitafanya nini kwa kansa ya damu, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastine. Ndugu yake vincristine, ua lile lile, inaugusa uboho kidogo sana, yenyewe inasumbua neva zaidi. Tofauti hiyo kati ya ndugu wawili huipati kwenye kipimo cha kupasua chembe nyekundu.

Siku dawa ikifika kwa watu itakuwa mikononi mwa madaktari na NDA (mamlaka ya dawa ya taifa), wewe utakuwa unawapa tu data. Ila wakumbushe kitu kimoja: watu wengi wa huku wana neutrofili chache kiasili, ni urithi unaoendana na aina ya damu ya Duffy, mtu ana 1.2 (bilioni kwa lita) na ni mzima anabeba matoke. Kwenye CTCAE toleo la 5, mizani ya madhara ya dawa za kansa, neutrofili chini ya 1.0 inahesabiwa daraja la 3, chini ya 0.5 daraja la 4, sasa kama hukupima kabla ya dozi ya kwanza, ama umetumia kiwango cha kawaida cha vitabu vya Marekani, utailaumu dawa kwa kitu alichozaliwa nacho mtu.

Kwenye ripoti andika kipimo, dozi, muda, damu ya nani (namba, siyo jina) na hali yake ya sikoseli na G6PD. Kama umefanya kupasuka kwa chembe nyekundu peke yake, andika "haikupasua chembe nyekundu hadi dozi fulani ndani ya saa moja" na uishie hapo. Damu iliyobaki imwagie jiki, ile ya 3.5% sehemu moja kwa maji sehemu sita, iache nusu saa ndipo uimwage. Taka za MTT na DMSO zina chupa yao, haziendi kwenye sinki.